Tunaojifunza Kiholanzi: hii "-end" imenifanya nimwambie bosi kwamba mvua ilipanda baiskeli

BaiskeliMbovu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Niko Utrecht mwaka wa tatu sasa, najiandaa na mtihani wa serikali wa NT2, ile programu ya pili, yaani B2, kiwango cha juu ya kati. Juzi nilichelewa kazini. Nikamwandikia msimamizi wangu ujumbe, na nilijiona nimeiva, maana niliacha "want" na "omdat" ("kwa sababu") za kila siku nikachomoa kitu cha vitabuni:

*Fietsend naar het station begon het te regenen.*

Kichwani nilikuwa nasema, "Nikiendesha baiskeli kwenda stesheni, mvua ilianza kunyesha." Dakika mbili hazikupita, jibu likaja: hiyo mvua baiskeli yake ina gia ngapi? Kufika ofisini kila mtu anacheka. Nikacheka nao, ila kosa nilikuwa sijaliona.

Jana usiku nimekaa nikalichimba. Nimeona limetoka kwenye Kiswahili changu, na nahisi humu ndani siko peke yangu. Naweka nilichokipata, wajuzi mnirekebishe.

Hiyo -end ya *fietsend*, yaani umbo la kitenzi la "akifanya" au "anayefanya", jina lake ni *onvoltooid deelwoord*. Vitabu vingine vinaandika *tegenwoordig deelwoord*, ni kitu kilekile, msihangaike. Kulitengeneza hakuna kazi: unachukua kitenzi jina (umbo la kwenye kamusi, kama "kutembea") unabandika d. *Lopen* (kutembea) inakuwa *lopend*, *slapen* (kulala) inakuwa *slapend*, *lachen* (kucheka) inakuwa *lachend*. Hata vitenzi vikorofi vinavyotusumbua kwenye wakati uliopita, hapa vinatulia. Vile vifupi mara nyingi utavikuta na -de: *gaande*, *doende*, *zijnde*. Sikio litakudanganya kwamba mwisho kuna t, usiiandike. Na ile n ambayo Waholanzi wengi wanaimeza wakisema "lope", kwenye *lopend* inarudi na inasikika.

Sasa utamu uko kwenye matumizi. Angalieni hizi tatu:

*een huilend kind* – mtoto anayelia
*Het kind kwam huilend binnen* – mtoto aliingia akilia
*Het kind is aan het huilen* – mtoto analia

Sisi tuna vifaa vitatu kwa kazi tatu: -naye-, -ki- na -na-. Wao -end inafanya kazi ya kwanza na ya pili, ya tatu haiigusi. Ikikaa mbele ya nomino inapokea -e kama kivumishi chochote: *het huilende kind*, *een huilende vrouw*, *huilende kinderen*, lakini *een huilend kind*, maana kind ni neno la het (nomino zao ziko makundi mawili, za de na za het) na mbele yake kuna een, yaani "fulani". Ikiwa kielezi, kama kwenye *kwam huilend binnen*, haipokei.

Mtego wangu ulikuwa hapa. Kwenye "nikiendesha" kuna ni. Nafsi imo ndani ya neno. Naweza kuiweka popote, hata sentensi kuu iwe ya mvua, ya mbuzi au ya jirani, msikilizaji anajua mwenye baiskeli ni mimi. *Fietsend* ndani yake hamna mtu. Ni kitendo kitupu, kinatembea kikitafuta mwenyewe. Mholanzi akikisoma anaenda moja kwa moja kwenye kiima cha sentensi kuu kumchukua mtendaji, na kiima changu kilikuwa *het*, ile ya mvua. Basi mvua ikapanda baiskeli.

Dawa ziko mbili. Ama umtaje mtu kwa *terwijl* ("wakati"): *Terwijl ik naar het station fietste, begon het te regenen.* Ama uhakikishe kiima cha mbele ndiye mwendeshaji: *Fietsend naar het station werd ik kletsnat.* Hapo aliyelowa ndiye aliyekuwa anaendesha, hakuna ugomvi.

Karibuni.

tulia_kwanza

Mvua yenye gia 😂😂 Nimevuta kiti, naendelea kusoma.

ChumviKidogo

Asante kwa uzi, kaka. Mimi ni wa Mombasa, niko Rotterdam. Langu lilikuwa hiyo kazi ya tatu, ile isiyoguswa. Mwaka wangu wa kwanza nimepigiwa simu niko mzigoni ghalani, nikajibu kwa kujiamini: *Ik ben werkend.* Nilitaka kusema niko kazini, piga baadaye. Yule mama upande wa pili akaniambia vizuri sana, hongera, akaendelea na maswali yake. Alielewa nina ajira! *Werkend* ni hali ya mtu, kama unavyosema ameajiriwa. Ningesema *Ik ben aan het werk* angekata simu.

Na mtu akishajua Kiingereza ndiyo balaa zaidi, kwa sababu kile kinakusukuma uunge "to be" na kitenzi chenye mkia kila unapoongea. Mkia wa Kiholanzi haufanyi hivyo.

Kitu kinachonifurahisha ni kwamba Mholanzi akikueleza mtu anafanya nini sasa hivi, anapenda akuambie na mwili umekaaje. *Hij zit te lezen*, amekaa anasoma. *Ze staat te koken*, amesimama anapika. *Hij ligt te slapen.* *Loop niet te zeuren*, acha kuzungukazunguka ukilalamika. Ukiangalia vizuri, bibi yangu huko Likoni anaongea hivyohivyo: "Amekaa hapo anakula miraa." Sisi hatukuhitaji kufundishwa hii, tulihitaji kuambiwa tu kwamba inaruhusiwa.

Ikienda wakati uliopita, *ik zat te lezen*. Ikienda na *hebben*, kitenzi saidizi cha wakati timilifu, ile te inadondoka: *ik heb zitten lezen*. Msiniulize kwa nini.

MamaTuli

Habari zenu wanangu. Nasoma nikiwa mapumziko, zamu ya usiku.

Nyie mnasema -end haikai na *zijn* (kuwa) kuonyesha kitu kinachoendelea. Mimi nafanya kazi nyumba ya wazee, na kila wiki naisikia. *Meneer is stervende.* *Mevrouw is herstellende.* Mara ya kwanza nilipoisoma kwenye ripoti ya makabidhiano nilidhani mwenzangu kakosea, nikataka kumsahihisha, Mungu akaninusuru. Sasa hiyo mnaiwekaje?

Tena hata cheo changu chenyewe ni hiki mnachokijadili. Mimi ni *verzorgende*. Anayehudumia.

BaiskeliMbovu

Mama shikamoo, na asante. Umenipiga pabaya, hiyo sikuiweka. Nimerudi kuangalia.

Ipo, ila ni chumba kidogo na mlango wake mwembamba. Tazama zinazoingia: *stervende*, anakata roho. *Herstellende*, anaendelea kupata nafuu. *De prijzen zijn stijgende*, bei zinazidi kupanda. *Hij is zoekende*, huyu ni yule mtu ambaye hajajua anataka nini maishani. Zote ni hali inayosogea polepole kuelekea mahali, hakuna tendo la mkono la sasa hivi. Na utaona ina -e mwishoni. Huwezi kuichukua ukaipeleka jikoni ukasema *ik ben etende*, watakuangalia kama umetoka kaburini.

Halafu kuna kundi lingine linalofanana nalo lakini si lenyewe. *De film is spannend. Dat is vervelend. Hij was woedend.* (Filamu inasisimua, hilo linaudhi, alikasirika sana.) Hizi asili yake ni -end, ila zimeshahamia mtaa wa vivumishi na zimechukua uraia. Kipimo changu: weka *heel* (sana) mbele. *Heel spannend*, *heel vervelend* zinakubali. *Heel werkend* haikubali. *Uitstekend* (bora sana) nayo imo: kwa maana ya neno ni kitu kilichochomoza nje, lakini ukiipata kwenye karatasi ya mtihani nenda ukasherehekee. *Voldoende* (inatosha) ukiipata, umepita, kaa kimya.

FundiSarufi

Mimi Kiholanzi sijui hata salamu. Nimefundisha Kiswahili sekondari Tanga miaka mingi, nimeingia kwa sababu nimeona -ki- inatajwa kiholela.

Mwanzisha uzi, kwanza sentensi yako ya Kiswahili yenyewe ina kasoro. "Nikiendesha baiskeli kwenda stesheni, mvua ilianza kunyesha." Mwanafunzi wangu angeandika hivyo ningepiga mstari mwekundu. Tukio moja lililopita, na viima viwili tofauti, unahitaji -po-: "Nilipokuwa nikiendesha baiskeli, mvua ilianza." Kwa hiyo usiseme Kiswahili kimekuponza. Kimekuponza Kiswahili cha haraka haraka.

Pili, -ki- ziko za aina mbili kubwa na usizichanganye. Kuna -ki- ya masharti: "Ukija, nitakupa." Kuna -ki- ya kitendo kinachoendana na kingine: "Aliingia akilia." Ya kwanza sidhani kama hao Waholanzi wanaiweka kwenye hiyo -end yao.

Tatu, nina swali. Sisi tuna vitenzi vya mkao: kulala, kukaa, kusimama, kuinama. Hivi hatuviwekei -ki- wala -na- tukitaka hali, tunaviwekea -me-. "Nilimkuta amelala." Ukisema "nilimkuta akilala", maana yake ndiyo kwanza anapanda kitandani. Wao wanafanyaje?

BaiskeliMbovu

Mwalimu, mstari mwekundu nimeupokea. Na kumbe -po- yako ndiyo *terwijl* yangu! Ningefikiri kwa Kiswahili sanifu ningeandika Kiholanzi sanifu.

Masharti ni kweli haiingii kabisa. "Ukija" ni *als je komt*, hakuna *komend* hapo.

Swali la tatu ni zuri kuliko uzi wangu wote. "Nilimkuta amelala" ni *Ik trof hem slapend aan*. "Mtu aliyesimama" ni *een staande man*. Kwa hiyo -me- yetu ya mkao inaangukia kwenye -end yao, na ndiyo maana miezi ya mwanzo nilikuwa nasema *hij heeft geslapen* (ameshalala, amemaliza) kwa mtu ambaye bado anakoroma. Nilikuwa naona -me-, naipeleka kwenye wakati timilifu moja kwa moja.

KakaWaLikasi

Bonsoir wote. Miye niko Antwerpen, Kiswahili changu ni cha Katanga, mtanivumilia.

Mwalimu ameuliza "nilimkuta". Ongezeni "nilimwona" na "nilimsikia", maana pale ndipo nimeanguka mara nyingi zaidi. "Nilimwona akitembea." Ukiifuata -ki- utasema *ik zag hem lopend*. Hapana! Ni *ik zag hem lopen*, kitenzi jina kikavu, bila d. "Nilimsikia akiimba", *ik hoorde haar zingen*. Ukiipeleka kwenye *hebben* inakuwa *ik heb haar horen zingen*, vitenzi jina viwili vinafuatana kama mabehewa. Kuona, kusikia, kuhisi: ondoa -end kichwani.

Na *komen* nayo ina mambo yake. "Alikuja mbio" si *hij kwam aanlopend*. Ni *hij kwam aangelopen*, yaani wanatumia ule mtindo wa kitendo kilichokwisha. Lakini *ik kom lopend* ipo na ni sahihi, tena ni ya kila siku: nakuja kwa miguu. Nimeulizwa mara moja mahali, *Komt u lopend?* Nikashangaa, wanadhani nitakuja nikitambaa? Kumbe wanataka kujua kama nitahitaji mahali pa kuegesha gari.

Sisi tuliosoma Kifaransa hiyo baiskeli ya mvua haikutupata sana. *En chantant* nayo inataka mtendaji awe mmoja, walimu walitukaripia mapema. Kiholanzi kina kitu kinachofanana nayo: unaweka *al* mbele. *Al zingend liep ze naar huis*, alikwenda nyumbani huku akiimba. Hiyo *al* naisikia kama "huku" yenu. Na wana methali yao: *al doende leert men.* Unafanya, unajifunza hapohapo.

ChumviKidogo

Kaka wa Likasi umenifumbua macho na hiyo *zag hem lopen*. Nimeikosea jana tu.

Mimi nataka tuongee barua. Kwenye mazungumzo -end ya kielezi unaweza kuishi mwezi bila kuihitaji, ila ikija bahasha ya serikali, ni -end juu ya -end. *Het openstaande bedrag*, deni ambalo hujalipa. *Belanghebbende*, mhusika, ndiye wewe. *Alleenstaande*, unayeishi bila mwenzi. *Werkzoekende*, anayetafuta kazi. *Samenwonend*, unayeishi na mwenzi. Mtoto wangu chuoni anaulizwa ni *thuiswonend* (anakaa kwao) au *uitwonend* (anakaa nje), na hilo neno moja linagusa pesa anayopata. Ukipiga simu kuuliza, mashine inakwambia *er zijn nog vier wachtenden voor u*, bado kuna wanne wanaosubiri mbele yako. Umeshakuwa nomino.

Na wanapenda kujaza mizigo kati ya kibainishi na nomino. *De op dit adres wonende personen.* Nilikuwa nikifika "op" napotea. Siku hizi nafanya hivi: nikiona *de* au *het* halafu baada yake kihusishi, naruka hadi mwisho nitafute nomino, *personen*, halafu narudi nyuma na -o- rejeshi yetu: watu wanaoishi kwenye anwani hii. Kiswahili kinaweka nomino mbele na maelezo nyuma, wao wamepakia kinyume, basi unashusha mzigo kuanzia nyuma.

Angalizo: *het te betalen bedrag* haina d. Ukikuta *te* mbele, kitenzi kinabaki jina, maana yake kiasi kinachotakiwa kulipwa. Jirani yangu Mjerumani huwa anaibandika d kwa sababu kwao ndivyo ilivyo.

Kuna moja ya kuogopa: *ontslag op staande voet*. Neno kwa neno ni "mguu uliosimama". Ni kufukuzwa kazi papo hapo, bila notisi. Mwenzangu mmoja aliisoma akidhani anapandishwa awe msimamizi.

tulia_kwanza

Jamani 😂 pole kwake.

Mimi ndiyo naanza, A2 bado. Niulize la kijinga: *avond*, *ochtend*, *duizend* (jioni, asubuhi, elfu), nazo ni hizihizi? Na *bekend*?

BaiskeliMbovu

La kijinga halipo mkuu. Zote nne si zenyewe. *Avond*, *ochtend* na *duizend* zimefanana tu sura. *Bekend* ndiyo laghai zaidi, maana inatoka kwenye kitenzi *bekennen*, lakini kipimo kiko wazi: chukua kitenzi jina uongeze d. Ungepata *bekennend*. Hiyo *bekend* ni ya upande wa kilichokwisha: anayejulikana.

Ila nitakupa mbili ambazo hakuna anayezishuku. *Vriend* na *vijand*. Rafiki na adui. Hizi zilikuwa -end kweli, zamani sana, kabla Kiholanzi hakijawa Kiholanzi. Ya kwanza ilikuwa "mwenye kupenda", ya pili "mwenye kuchukia". Kitenzi cha ya pili kimeshakufa kwenye lugha, mkia ndio umebaki; cha ya kwanza bado kinaonekana kwenye *vrijen*. Na *Heiland*, Mwokozi, nayo iko ukoo huohuo: mwenye kuponya.

FundiSarufi

Hili limenipendeza. "Apendaye" na "achukiaye". Kumbe rafiki wa Mholanzi ni kirejeshi.

Nina moja nimeikumbuka, kwa wenye Biblia ya zamani ya Kiholanzi. Nilipokuwa chuoni mhadhiri wetu mmoja alikuwa akitulinganishia tafsiri, na alisema yao imejaa mtindo huu.

MamaTuli

Ni *Statenvertaling* Mwalimu, ya 1637. Kuna bibi mmoja hapa hataki nyingine, nikimaliza kumlaza ananiomba nimsomee ukurasa. *En Jezus, antwoordende, zeide tot hem.* "Na Yesu, akijibu, alimwambia." Mwanzoni ulimi ulikuwa unagoma. Mchungaji wa kanisa lao aliniambia wafasiri walifuata Kigiriki hatua kwa hatua, na Kigiriki ndicho kilichojaa hivyo. Leo hakuna Mholanzi anayeongea hivyo barabarani.

Yetu inasema "akajibu, akamwambia". Ina -ka- mbili, imemaliza. Bibi ananiuliza kwa Kiswahili ikoje, namsomea, anasema inakimbia.

FundiSarufi

Inakimbia kweli. -ka- ni ya kukimbia.

BaiskeliMbovu

Mama hiyo ya bibi nitaibeba.

Kuna aliyeniuliza inboksi kwenye mtihani aitumie au aiache. Jibu langu: ya kivumishi huwezi kuikwepa, itumie, ila chunga hiyo -e. Ya kielezi itumie pale tu ambapo anayefanya yote mawili ni mmoja na umemtaja kama kiima. Ukisita, andika *terwijl* na nafsi yake, hakuna aliyewahi kukatwa alama kwa kuandika *terwijl ik*. Na uchunge usiweke nyingi, mwalimu wetu wa jioni anasema insha yenye -end kila mstari inanuka bahasha ya kodi.

tulia_kwanza

Asanteni wote. La mwisho kabla sijalala. Kwenye choo cha nyumba niliyopanga kuna kibao: *Zittend plassen a.u.b.*, yaani tafadhali kojoa ukiwa umekaa. Nimetumia kanuni ya mwanzisha uzi. Natafuta kiima cha sentensi kuu nijue nani amekaa, sikioni.

ChumviKidogo

Kiima ni wewe, mkuu. Kaa.